Bakteria Hawalipi Deni la Bomba

Kwamba bakteria hula mafuta si habari mpya. Mwaka 1946 Mmarekani Claude ZoBell alichapisha makala iliyokusanya ushahidi wa wakati huo kuhusu bakteria na vijiumbe wengine wanaovunjavunja haidrokaboni, na wataalamu wamewakuta karibu kila penye udongo au maji. Mafuta yanapomwagika, bakteria hao huzaana haraka, na kazi yao ikikamilika hubaki kabonidayoksaidi na maji. Lakini ili wale upesi wanahitaji oksijeni, unyevu, nitrojeni na fosforasi. Masharti hayo yalipuuzwa Ogoni, kusini mwa Nigeria, na elimu ya kweli ikageuka kisingizio cha kusafisha nusunusu.

Mafuta yaligunduliwa Oloibiri, huko huko kusini mwa Nigeria, mwaka 1956, na miaka miwili baadaye yakapatikana Ogoni pia. Kampuni ya mafuta ya Shell iliacha kuyachimba Ogoni mwaka 1993, kufuatia upinzani wa wananchi ulioongozwa na Ken Saro-Wiwa, aliyenyongwa na serikali ya kijeshi mwaka 1995. Mabomba yalibaki, na uvujaji ukaendelea. Usafishaji ulikuwa kuutifua udongo, kuutia mbolea na kuwaachia bakteria wamalize. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilipotoa ripoti yake mwaka 2011, kati ya maeneo 15 yaliyochunguzwa ambayo kumbukumbu za kampuni zilisema yamekwisha kusafishwa, 10 bado yalikuwa na uchafu uliozidi viwango vya kampuni yenyewe. Mahali pengi mafuta yalikuwa yamezama mita 5 au zaidi, jembe lisikofika. Huko chini hewa ni haba, na bakteria wanaoishi bila oksijeni huyala polepole mno. Maji nayo hayakusubiri: huko Nisisioken Ogale watu walikunywa maji ya visima yenye benzeni zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Mtetezi wa njia hiyo ya kuwaachia bakteria atataja Alaska, ambako mbolea ilimwagwa ufukweni baada ya meli Exxon Valdez kupasuka mwaka 1989, na bakteria wakaharakisha kazi. Ni kweli, lakini walifaulu palipopita hewa na maji. Chini ya changarawe mafuta yalikutwa hata zaidi ya miaka 20 baadaye. Wengine watasema wezi wanaotoboa mabomba na watu wanaochemsha mafuta ghafi vichakani wana lawama pia. Wanayo, na UNEP iliwataja. Hata hivyo hoja hiyo yaipa nguvu hoja ya makala hii: pasipokomeshwa umwagikaji, awe ameusababisha nani, bakteria huletewa mzigo mpya kabla hawajamaliza wa zamani.

UNEP ilikadiria kwamba kuirejesha Ogoni katika hali njema kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30, na ikapendekeza mfuko wa kuanzia wa dola bilioni 1. Wanaoona gharama hiyo ni kubwa husema heri kuiachia asili. Lakini kuiachia asili nako kuna gharama, na hulipwa na mnywaji wa maji ya kisima. Kwa hiyo anayeahidi kwamba udongo utajisafisha hana budi kwanza kuonyesha kwamba uvujaji umezibwa, kina cha mafuta kimepimwa, na hewa inafika yalipo. Bila hayo, ahadi yake haina msingi wa kisayansi.