Kitufe cha Start si kitu kidogo

Mteja wa Soko la Burma haulizi nyama iko wapi. Anajua bucha yake, anaenda moja kwa moja.

Kompyuta ilichukua muda kufika hapo. Kwenye Windows 3.1 ya 1992, programu zilikaa ndani ya vikundi, dirisha juu ya dirisha. Halafu 24 Agosti 1995 Windows 95 ikaleta Start: kona moja, mlango mmoja. Vista ya 2007 ikaongeza kisanduku cha kutafuta hapo hapo: andika herufi chache, bonyeza Enter, imefunguka.

2012, Windows 8 ikakiondoa kitufe. Watu wakapiga kelele. Kikarudi 2013 na Windows 8.1, lakini menyu yenyewe ikangoja Windows 10, mwaka 2015.

Sasa fikiria saiba ya Eastlands inayotoza kwa dakika. Mzee amekuja kujaza fomu, anatafuta brausa haioni. Hizo dakika analipa yeye, si Microsoft.

Kwa hivyo wenye saiba, tafadhali: bandikeni brausa, Word na printa pale chini, mpangilio uleule kwa kila mashine. Mteja asilipie kupotea.