Kiwanja cha Ndege cha Lokichoggio

Ukichukua ramani ya Kenya, msomaji, ukaifuata kwa kidole barabara itokayo Kitale, ipitayo Lodwar na Kakuma, utafika kaskazini-magharibi kabisa, penye mji mdogo uitwao Lokichoggio. Wengi huuita Loki tu. Kutoka hapo hadi mpaka wa Sudan Kusini ni mwendo wa kilomita 30 hivi. Nchi ni kame, yenye miiba na vilima vya mawe, na wenyeji wake, Waturkana, ni wafugaji. Hungetazamia kukuta hapo kiwanja cha ndege chenye sifa yoyote. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 kilikuwa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kabisa katika Kenya, na kilichokikuza si biashara wala utalii. Kilikuzwa na njaa ya nchi jirani.

Vita vya kusini mwa Sudan vilianza upya mwaka 1983. Watu wakayakimbia mashamba yao, ng'ombe wakaporwa, na katika mwaka 1988 njaa iliwaua watu wanaokadiriwa kuwa 250,000. Ndipo Aprili 1989 Umoja wa Mataifa ulipopatana na serikali ya Khartoum na wapiganaji wa SPLA kwamba chakula kiruhusiwe kuwafikia raia wa pande zote mbili. Mpango huo uliitwa Operation Lifeline Sudan. Barabara za huko zilikuwa chache na mbovu, nyingine zimetegwa mabomu, na wakati wa mvua hazikupitika. Basi ikabaki njia ya angani. Loki ilifaa kwa kuwa ilikuwa karibu na mpaka, na malori yaliweza kuifikia kutoka bandari ya Mombasa.

Mji ukageuka. Palisimama maghala ya nafaka, mnara wa kuongozea ndege, akiba za mafuta, na kambi za mahema za mashirika zaidi ya 35. Karibu na hapo palikuwa na hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1987. Majeruhi walipakiwa katika ndege zilizokuwa zikirudi, wakapasuliwa hapo, na waliopoteza miguu wakaundiwa ya bandia.

Huenda ukauliza, ndege kubwa itatuaje mahali pasipo na kiwanja? Haikutua. Ndege aina ya Hercules ilibeba tani 16 hivi za nafaka, zilizotiwa katika magunia mawili au matatu, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lizuie nafaka isimwagike. Chini, wafanyakazi walitandika alama nyeupe na kuwafukuza watu wote uwanjani, kwa maana gunia la kilo 50 litokalo juu huua. Rubani alipita chini chini, kisha akainua pua ya ndege, na magunia yakateleza yenyewe kutoka mlango wa nyuma.

Lakini usidhani kwamba ndege ziliruka zilipotakiwa. Kila mahali pa kutua au pa kudondosha chakula palihitaji idhini ya Khartoum. Mapema mwaka 1998, baada ya mapigano katika mji wa Wau, serikali hiyo ilizuia safari za Bahr el Ghazal, na idhini ilipopanuliwa njaa ilikuwa imekwisha wafika watu mifupani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye funzo gumu kuliko yote ya kiwanja hiki: maghala yalikuwa na chakula, marubani walikuwapo, na watu walikufa wakingoja karatasi.

Wala Waturkana wenyewe hawakuwa na shibe. Ukame huwajia mara kwa mara, nao waliona tani nyingi za mahindi zikipita juu ya vichwa vyao kwenda ng'ambo ya mpaka. Baadhi yao walipata kazi ya upagazi, ulinzi au upishi. Wengine waliuza kuni na makaa.

Tarehe 9 Januari 2005 mapatano ya amani yalitiwa sahihi Nairobi. Mashirika yakaanza kuhamia Juba, na mwaka 2006 hospitali ya Lopiding ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Mahema yakang'olewa, na maelfu ya shilingi yaliyokuwa yakizunguka sokoni yakaondoka pamoja nayo. Amani waliyoiombea majirani ikawaachia vijana wa Loki ukosefu wa kazi. Kiwanja kimebaki mikononi mwa Halmashauri ya Viwanja vya Ndege ya Kenya. Vita vilipozuka tena katika Sudan Kusini, Desemba 2013, mashirika yalikuwa yamekwisha jenga makao yao Juba, na Loki haikurudia wingi wake wa zamani.