Benchi la Urafiki: Akina nyanya wanaotuliza mioyo Zimbabwe

Benchi la Urafiki ni shirika la Zimbabwe linalowasaidia watu wenye huzuni na wasiwasi uliokithiri. Lilianzishwa na Dkt Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, mwaka wa 2006 katika mtaa wa Mbare, jijini Harare.

Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imebomoa makazi ya maelfu ya watu mijini. Waliohitaji faraja walikuwa wengi, ilhali madaktari wa akili walikuwa wa kuhesabika. Dkt Chibanda alipewa akina nyanya 14, wahudumu wa afya wa kijamii, bila hata chumba kimoja. Ndipo benchi likawekwa nje ya kliniki.

Mgonjwa huulizwa maswali 14 kwa Kishona. Nyanya hatumii istilahi za kitabibu. Husema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Mgonjwa hutaja matatizo yake, huchagua moja, kisha hutafuta suluhu mwenyewe huku nyanya akimwongoza. Baadaye hualikwa katika kikundi cha wenzake, ambako hufuma mikoba wakiliwazana.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uliwahusisha watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi sita, waliosalia na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa benchini, na asilimia 50 ya waliopata huduma za kawaida.

Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar. Hoja ya watetezi wake ni moja: mgonjwa asisubiri daktari bingwa ilhali jirani aliyefunzwa yupo.