Stola ya Masasi: bega moja, mabega mawili

Stola ni utepe mrefu wa kitambaa, upana wake kama kiganja, unaovaliwa juu ya kanzu nyeupe ya ibada. Cheo cha mvaaji husomwa begani. Shemasi huivaa bega la kushoto, ikakatiza kifua hadi ubavu wa kulia. Padri huitundika shingoni, ncha mbili zikashuka mbele. Mpangilio huo ni wa kale: Mtaguso wa Toledo wa mwaka 633 uliagiza shemasi avae stola moja tu, begani kushoto, ili mkono wa kulia uwe huru kuhudumu.

Masasi, kusini mwa Tanzania, iliipata stola mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoleta kutoka Unguja watumwa walioachwa huru waanzishe makao mapya. Misheni yake ya Kianglikana, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), ilithamini mavazi kamili ya ibada wakati ambapo huko Uingereza mapadri walishtakiwa kwa mambo hayohayo chini ya sheria ya 1874 ya kudhibiti ibada. Wamagwangwara, kundi la Wangoni, waliposhambulia Masasi mwaka 1882, kazi ilihamia Newala, kwa chifu wa Kiyao, Matola.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuwa ya Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto aliyewahi kuwa mtumwa, akalelewa na misheni Unguja, akapewa ushemasi 1886 na kupelekwa Chitangali. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Stola ikatoka bega moja ikakaa yote mawili, na tangu hapo ikawa vigumu kusema kwamba vazi lile ni la wageni.

Dayosisi ya Masasi ilipoundwa 1926, askofu wake wa kwanza alikuwa Vincent Lucas, aliyeingiza jando ndani ya Kanisa. Vijana waliotoka kumbini wakiwa na nguo mpya walipokewa kwa sala, na padri mwenye stola akasimama pale walipozoea kusimama wazee wa mila.

Siku hizi kuna stola za kitenge, na wahitimu huvaa za aina yake kwenye mahafali. Ila iliyosafiri zaidi ni ile ndogo inayokunjwa mfukoni mwa padri aendaye kwa mgonjwa: zambarau upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Padri huubusu msalaba mdogo wa stola hiyo, akavaa zambarau kusikiliza maungamo, kisha akaigeuza nyeupe na kumpa mgonjwa komunyo.