Arusi ya Mexico: nyungu ya mole, kaye ya deni na hoteli ya pembeni ya bahari

Kule Mexico, mu vijiji vingi, familia yenye kupanga arusi inaanzia jikoni. Mbele ya kuzungumuzia nguo ao muziki, wazazi wanahesabu: mahindi kilo ngapi, bata mzinga ngapi, na ni wamama gani watasaga pilipili? Upande mwingine wa inchi hiyo hiyo, kila mwaka maelfu ya wachumba kutoka Marekani, Canada na fasi zingine wanakuja kufanya arusi pembeni ya bahari, mu hoteli zenye zinapanga kila kitu, kuanzia maua mpaka sahani ya mwisho. Aina hizo mbili za arusi zinatofautiana kwa jambo moja kubwa: nani analisha wageni, na nani anabakia na deni.

Mahindi ilisafiri, ufundi wake ukabakia

Mahindi yenye inasagwa leo kwa kupika bugali mu Kivu, Ituri na Tanganyika asili yake ni Mexico. Wakulima wa kusini ya inchi hiyo walianza kuyapanda karibu miaka 9,000 iliyopita. Yalifika Afrika kisha mwaka 1500, mu mashua za Wareno. Vanila pia, yenye leo inalimwa upande wa Beni na Butembo, asili yake ni misitu ya Mexico na ya inchi za jirani.

Lakini kitu kimoja hakikusafiri na mahindi: namna ya kuyapika. Mama wa Mexico hasagi mahindi makavu vile yalivyo. Kwanza anayachemsha na chokaa ya chakula. Kwa kilo moja ya mahindi, anatia karibu gramu 10 za chokaa na maji litre mbili ao tatu. Ngozi ya mbegu ikianza kutoka, anaondoa sufuria kwenye moto, anafunika, na mahindi yanalala mu maji hayo usiku muzima. Asubui anayaosha, kisha anayasaga yakiwa yangali na maji. Mahindi hayo yanaitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, luga ya Waazteki wa zamani.

Kinyunga chenye kinatoka pale kinashikana vizuri, na ndicho kinafanya tortilla, mukate mwembamba wenye unachomwa juu ya comal, sahani ya udongo ao ya chuma. Ndicho pia kinafanya tamal: kinyunga kinawekwa ndani ya maganda ya mahindi ao majani ya ndizi, kinafungwa, kinapikwa na mvuke. Mutu mwenye amezoea kufungua chikwange mu majani hatashangaa akiletewa tamal.

Chokaa hiyo inafanya kazi kubwa kupita kulainisha tu. Inafungua vitamini B3 yenye iko ndani ya mahindi, ili mwili uweze kuitumia. Fasi zenye watu walikula mahindi karibu peke yake, bila ufundi huo na bila chakula kingine cha kutosha, ugonjwa wa pelagra uliingia: ngozi inakuwa na madoa meusi fasi yenye jua linapiga, mutu anahara, kisha akili inachanganyikiwa. Ilitokea Italia ya kaskazini na kusini ya Marekani. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji wenye walikuwa Malawi walipatwa na pelagra kwa maelfu, wakati karanga zilikosekana mu chakula cha msaada. Kwa jamaa zenye kula bugali ya mahindi kila siku, somo ni la wazi: sahani iwe pia na karanga, maharagi, samaki ao nyama.

Mwenye kutaka kujaribu nixtamal anapaswa kuangalia mambo mawili. Chokaa iwe ile ya chakula. Chokaa ya kupaka kuta haifae hata kidogo. Na sufuria isiwe ya aluminium, kwa sababu chokaa inaikula. Nyungu ya udongo ao sufuria ya inox ndiyo inafaa.

Mole, supu yenye haipikwe na mutu mmoja

Chakula cha arusi kinabadilika kufuatana na jimbo. Jalisco wanapika birria, nyama ya mbuzi yenye pilipili na viungo. Zacatecas wako na asado de boda, nguruwe ndani ya supu nyekundu ya pilipili kavu. Yucatán wanazika nguruwe mu shimo lenye moto, amefungwa mu majani ya ndizi, na wanaita cochinita pibil. Lakini Puebla na Oaxaca, arusi bila mole ni kama arusi haikufanyika.

Neno mole linatoka kwa molli, maana yake supu nzito. Ile ya arusi inaweza kupita viungo 20: aina tatu ao ine za pilipili kavu, ufuta, karanga, lozi, zabibu kavu, ndizi ya kupika, nyanya, kitunguu saumu, mdalasini, karafuu, kipande cha tortilla yenye kuungua, na chokoleti. Chokoleti hiyo haifanye mole kuwa tamu kama bonbon. Inatuliza ukali wa pilipili na kutia rangi. Mukulima wa kakao wa Beni ao Mambasa, mwenye anauza mbegu zake kwa gunia, angekuta zao lake pale ndani ya supu ya nyama.

Kila kiungo kinakaangwa peke yake, kwa sababu kila kimoja kinaungua kwa saa yake. Pilipili ikipita kidogo, nyungu yote inakuwa chungu. Kisha vyote vinasagwa, vinapikwa mu mafuta ya nguruwe, na vinaongezwa maji ya nyama polepole, mutu akikoroga bila kuacha. Mwishoni inamwangwa juu ya bata mzinga, wenye wengine wanaita dindo, ao juu ya kuku. Kwa wageni 300, kazi hiyo inaomba siku kadhaa na mikono mingi. Wamama wenye kujua kipimo wanaheshimiwa. Wanaitwa siku nyingi mbele, na neno lao jikoni halipingwe.

Mwaka 2010, UNESCO iliandika upishi wa asili wa Mexico kwenye liste ya urizi wa utamaduni wa wanadamu. Iliangalia mambo yote pamoja: shamba lenye mahindi, maharagi na boga pamoja, nixtamal, vyombo, na wamama wenye kufundishana.

Nani analipa? Padrino na guelaguetza

Familia chache za kijijini zingeweza kulipa karamu kama hiyo peke yao. Kuna njia mbili za kugawa mzigo.

Ya kwanza ni padrino na madrina, ni kusema wazazi wa ubatizo wa arusi. Bwana arusi na bibi arusi wanaenda kuomba watu wanaowaheshimu, na kila mmoja anabeba kitu kimoja. Kuna padrino wa pete, wa keki, wa muziki, wa vinywaji. Kuna wa arras, feza 13 za chuma zenye bwana arusi anamukabizi bibi arusi, na wa lazo, kamba yenye inawazunguka wote wawili kanisani. Kukubali ni heshima, lakini ni mzigo pia: padrino anakuwa compadre wa wazazi, na undugu huo haumalizike siku ya arusi.

Ya pili iko hasa kwa Wazapoteki wa Oaxaca na inaitwa guelaguetza. Wageni wengi wanajua jina hilo kama sikukuu ya michezo ya mwezi wa saba mu muji wa Oaxaca. Mu vijiji, maana yake ni nyingine: ni kukopeshana kwa ajili ya karamu. Jirani analeta bata mzinga wa kilo sita. Mwenye arusi anaandika mu kaye: jina, tarehe, bata mmoja, kilo sita. Mwingine analeta mahindi, kakao, bia ao feza. Siku yenye jirani huyo ataozesha mutoto wake, anaweza kudai, na anarudishiwa kitu kile kile, kwa kipimo kile kile. Familia yenye akili inaanza kukopesha wakati watoto wangali wadogo, ili siku yao ikifika kaye iwe imejaa.

Watu wenye wako mu likelemba wataelewa haraka. Tofauti ni kwamba hapa zamu haipangwe na tarehe. Inapangwa na arusi, ubatizo ao kilio. Uzuri wake ni kwamba karamu kubwa inawezekana bila kuomba mkopo kwa benki. Ubaya wake ni kwamba deni linaweza kupita kutoka kwa wazazi mpaka kwa watoto, na mwenye hana kitu anaona haya kukaribia jiko.

Arusi ya kusafiria: Cancún, Los Cabos na zingine

Wachumba wenye kutoka mbali wanachagua sana Cancún na pwani ya Riviera Maya, Los Cabos, Puerto Vallarta, ao miji ya zamani kama San Miguel de Allende na Oaxaca. Hoteli nyingi za pwani zinauza arusi kama pake moja: chumba, chakula, kinywaji, maua, mupangaji. Ni rahisi kwa mwenye anaishi mbali. Chakula kinakuwa cha hoteli, na mole ikionekana, inakuwa kipande kidogo kati ya pasta na sushi.

Kuna mambo yenye watu wanagundua wakiwa wamechelewa. Hoteli nyingi zinatoza feza mupiga picha, mupishi ao wanamuziki wenye kutoka inje. Mugeni mwenye halale pale analipishwa tiketi ya siku. Kwa hiyo bibi wa kijijini, mwenye alilea bibi arusi, anaweza kulipishwa kwa kuingia kwenye arusi ya mujukuu wake, tena hataruhusiwa kuleta nyungu yake. Mambo hayo yanaandikwa mu kontra. Yanapaswa kusomwa mbele ya kutoa avansi.

Majira pia yana kazi. Upande wa Karibi, msimu wa tufani unaanza mwezi wa 6 mpaka mwisho wa mwezi wa 11. Mwezi wa 10 mwaka 2005, tufani Wilma iliharibu sana Cancún. Kuanzia mwezi wa 4 hivi mpaka wa 8, majani ya bahari yenye kunuka yanaweza kujaa pwani. Miezi yenye kutulia ni wa 12 mpaka wa 4, lakini ndipo bei zinapanda.

Wachumba wengine wanafuata njia ya katikati. Wanakodi nyumba ao uwanja mu muji kama Oaxaca, wanaita wapishi wa pale pale, wanapatana bei ya kila sahani, na wanalipa wamama hao bila mutu wa kati. Wageni wanakula mole ya kweli, na feza inafika kijijini.

Karatasi: kanisa peke yake haitoshe

Tangu sheria ya Benito Juárez ya mwaka 1859, Mexico inatambua ndoa ya serikali tu. Baraka ya padiri ao pasta haina nguvu mbele ya sheria, sawa vile DRC ndoa inapaswa kufika kwa état civil. Tangu 2019, sheria ya inchi imekataza kabisa ndoa ya mutu mwenye hajafikisha miaka 18.

Wageni wanaombwa pasiporti, karatasi ya kuzaliwa yenye muhuri wa kimataifa ao ya ubalozi, tafsiri ya Kispania yenye kufanywa na mutafsiri mwenye kukubaliwa na serikali, na mashahidi. Majimbo mengine yanadai pia kupimwa damu. Wachumba wanachagua kama mali itakuwa ya pamoja ao kila mutu na yake. Juu ya uzito wa karatasi hizo, wengi wanatia sahihi kwao kwanza, kisha wanaenda Mexico kwa sherehe tu.

Kwa jamaa zenye watoto wao wako Marekani ao Canada na wanaalikwa huko: mwenye pasiporti ya Congo anahitaji viza ya Mexico. Anaachiliwa akiwa na viza yenye ingali na muda, ao makazi ya kudumu, ya Marekani, Canada, Uingereza, Japani ao inchi za Schengen. Mwenye alifika kama mukimbizi aulize kwanza kama karatasi yake itamuruhusu kurudi. Tiketi inunuliwe kisha jibu.

Maswali ya kuuliza mbele ya kuchagua

Arusi ikiwa ya Oaxaca ao ya Uvira, maswali ni yale yale. Wazee wa familia wataweza kufika na kuingia bila kulipa? Nani anapika, na analipwa ngapi? Vitu vyenye watu wameleta ni zawadi, ao ni deni? Na kama ni deni, ni nani mwenye kaye, na litarudishwa lini?

Wamama wa Oaxaca wanaandika uzito wa bata mzinga mbele ya watu wote, siku yenye anafika. Mwenye ameleta anaona jina lake, mwenye amepokea anajua kipimo, na kisha arusi hakuna mwenye kusema alisahau.