Mwalimu wa Yoga na Wajibu wa Kuhakikisha

Shukrani zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo: yoga inafunzwa katika baadhi ya hoteli za pwani zetu, na wazee wetu wenye maumivu ya kiuno wanaifuata kwenye simu. Tunaeleza hapa namna ya kupima yale ambayo mwalimu wake anayadai.

Hukumu kwa ufupi

Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia lilikataza yoga iliyochanganywa na mantra na ibada. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yenye mambo hayo, likaruhusu ile iliyo mazoezi matupu ya mwili. Maneno yetu yanahusu hayo mazoezi matupu.

Yaliyopimwa

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Boston, Marekani, juu ya watu 320 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine yoga, wengine tiba ya mazoezi, na wengine walipewa kitabu cha mafunzo. Baada ya wiki 12, walioshika yoga hawakuwa nyuma ya waliotibiwa kwa mazoezi.

Mwaka 2022 taasisi ya Cochrane ilikusanya majaribio 21 yenye watu 2,223. Yoga ilileta nafuu kidogo ikilinganishwa na kutofanya mazoezi, na ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo tafauti ilikuwa ndogo au haikuwepo. Aidha, baadhi ya walioifanya waliongezeka maumivu. Basi mwalimu mkweli husema: "Huenda ikakusaidia kidogo, kama mazoezi mengine." Hasemi: "Itakuponya."

Yasiyosimama

Husemwa kuwa kujipinda kiuno kunakamua sumu mwilini. Kazi ya kuondoa taka za damu ni ya ini na figo, na hazikamuliwi kama nguo.

Yenye madhara

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima presha ya macho katika mikao ya kuinamisha kichwa. Ilipanda kwa wagonjwa wa glakoma na kwa wazima pia. Kwa hivyo mwenye glakoma asiwekwe katika mikao hiyo kabla ya kumuuliza daktari wake. Na mwalimu anayemwambia mgonjwa wa presha au sukari aache dawa amevuka mpaka wake, hata akiwa na nia njema.

Maswali ya mwalimu kujiuliza

1. Dai hili limepimwa, au limesikika tu?
2. Waliofanya walilinganishwa na nani? Maumivu mengi ya mgongo yaliyoanza karibuni hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, hata bila ya yoga.
3. Walikuwa watu wangapi, na walioacha njiani walihesabiwa?
4. Nani aliumia?

Ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona ni khabari njema kwake, lakini hautoshi kuwa hoja kwa wote.

Kwa familia

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wanavyuoni wetu wa hadithi waliuliza kila riwaya imetoka kwa nani. Kiwiliwili ni amana, nacho kinastahiki uangalifu huo. Kabla mama yenu hajatandika mkeka, muulizeni mwalimu maswali hayo manne. Akijibu "sijui" pale asipojua, huyo ana amana. Akikasirika, tafuteni mwengine, au mama atembee asubuhi, kwani kutembea nako ni mazoezi.

Wallahu a'lam.