Ukali na mwendo wa bakteria wa kipindupindu

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, huogelea kwa mjeledi mmoja ulioota kwenye ncha ya mwili wake, unaozungushwa na ayoni za sodiamu zinazoingia ndani ya seli. Jeni za ukali wake ni zile zinazotengeneza sumu ya kipindupindu na nyuzi fupi za protini ambazo kwazo bakteria hukusanyika makundi juu ya utando wa utumbo mwembamba. Kwa kawaida mambo haya mawili hupishana: mwendo ukipanda, ukali hushuka. Mwaka 1996 Claudia Gardel na John Mekalanos walionyesha kwamba bakteria waliopoteza uwezo wa kuogelea walitoa sumu na nyuzi nyingi zaidi, ilhali walioogelea kupita kiasi walitoa chache.

Swichi ya ukali ni protini ToxR na TcpP zilizopachikwa kwenye utando wa seli. Hizo huwasha jeni ya ToxT, nayo ToxT huwasha jeni za sumu na nyuzi. Mjeledi huingia katika mnyororo huu kwa njia ya ajabu kidogo. Bakteria anapopenya ute mzito wa utumbo, mjeledi huweza kukatika. Protini FlgM, inayozuia jeni kadhaa, huvuja nje kupitia tundu lililobaki, na kizuizi dhidi ya jeni za ukali hulegea. Kufika kwenyewe ndiko kunakowasha silaha. Hata hivyo, picha hii imejengwa zaidi maabarani na kwa wanyama wachanga kuliko ndani ya utumbo wa binadamu.

Bakteria wakishaongezeka sana, mambo hugeuka. Protini HapR huzima ukali na kuchochea kimeng'enya kinachowabandua kutoka ukutani. Huanza tena kuogelea, kisha hutoka na kinyesi cha majimaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, kwa sampuli za wagonjwa wa Bangladesh, ulionyesha kwamba bakteria hao wapya wana mwendo, ila utendaji wa jeni za kufuata kemikali umepunguzwa, na huambukiza kwa dozi ndogo kuliko waliooteshwa maabarani. Hali hiyo hudumu kwa saa kadhaa wakiwa majini.

Kwa hiyo muda kati ya choo cha mgonjwa na kinywa cha mwingine una uzito mkubwa mahali kama Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambako malori hupanga foleni mpakani na watu wengi hula kwa mama ntilie. Katika mlipuko ulioanza Agosti 2015, Tanzania ilikuwa imeripoti wagonjwa 33,421 na vifo 542 kufikia Januari 2018. Songwe ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa.

Bakteria wengine hupangilia tofauti. Salmonella Typhi, anayeleta homa ya matumbo, hupunguza protini ya mijeledi anapoingia kwenye tishu, jambo linalomsaidia kuikwepa kinga ya mwili. Listeria kwa kawaida huacha kuitengeneza mijeledi katika joto la mwili wa binadamu. Helicobacter pylori, anayeishi tumboni na kusababisha vidonda, hana nafasi ya kuacha kuogelea: asiposafiri ndani ya ute kuikwepa asidi, hushindwa kustawi.